Kwa nini remove inaruka vitu kwenye listi?

SWALI: Habari za kazi, mi ndo naanza Python. Nina listi namba = [1, 2, 2, 3], nataka kutoa 2 zote, nikapitisha lupu ya for na ndani nikaweka namba.remove(2) kila nikikutana na 2, lakini inabaki [1, 2, 3]. Nakosea wapi?

JIBU: Salama kabisa, na hili limewasumbua wengi. Shida ni kwamba unapunguza listi huku bado unaipitia. Lupu inahesabu nafasi, kuanzia 0, sasa ikifika nafasi ya 1 inakuta 2, unaitoa, vilivyobaki vinasogea nyuma hatua moja, ile 2 ya pili inakaa nafasi ya 1 ambayo lupu imeshaimaliza, lupu yenyewe inaenda nafasi ya 2 na kukuta 3. Basi imerukwa hivyo.

Tengeneza listi mpya tu: namba = [x for x in namba if x != 2], yaani chukua kila x ambayo si 2, utapata [1, 3]. Mi naona hii ndo njia safi zaidi.

Alafu remove inatafuta thamani na kutoa ya kwanza tu inayokutana nayo, ukitaka kutoa kwa nafasi tumia pop, mfano namba.pop(0). Na tafadhali usiandike namba = namba.sort(), sort inapanga listi hiyohiyo na kurudisha None (yaani hakuna kitu), kwa hiyo listi yako utaipoteza. Andika namba.sort() peke yake.