Mwalimu wa Njombe, usianze na makaburi

Jumapili iliyopita nimetoka kanisani, sijavua hata viatu, ukaingia ujumbe wa msomaji: "Shikamoo madam. Mimi ni mwalimu wa historia huku Njombe, shule yetu haiko mbali na Kidugala. Tumepata shule rafiki ya Polandi, wanataka wanafunzi wabadilishane historia ya wakati wa vita. Nimesikia wewe ulishafanya huko Tengeru. Nianzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Nilidhani nitakujibu mistari mitatu huku napika. Wali ukashika ukoko. Nikaona bora niandike hapa, maana wewe ni wa nne kuniuliza mwaka huu na wenzako wote niliwajibu juu juu. Kila nikijibu huwa naruka sehemu inayoniuma. Leo siruki.

Kwa asiyejua habari yenyewe: Septemba 1939 Ujerumani iliivamia Polandi kutoka magharibi, na kabla mwezi haujaisha Umoja wa Kisovieti nao ukaingia kutoka mashariki. Februari 1940 Wasovieti wakaanza kuwasomba raia wa upande wao, familia kwa familia, kwenye mabehewa ya mizigo hadi Siberia na Kazakhstan. Hitler alipowageukia Wasovieti Juni 1941, Wapolandi wakafunguliwa. Jeshi lao likaundwa chini ya Jenerali Anders, na mwaka 1942 likavuka kuingia Irani, raia wakilifuata nyuma. Wanaume wakaenda vitani. Wanawake, watoto na wazee wakatafutiwa pa kuishi, Waingereza wakatoa nafasi kwenye makoloni yao. Ndivyo watu kati ya 18,000 na 20,000 walivyosambazwa Afrika Mashariki na Kusini: Masindi na Koja kule Uganda, Makindu na Rongai kule Kenya, na hapa Tanganyika Kondoa, Morogoro, Ifunda, Kidugala kwenu, na Tengeru kwetu. Tengeru ndiyo ilikuwa kambi kubwa kuliko zote Afrika, karibu watu 5,000 chini ya Mlima Meru, jirani na Ziwa Duluti, kwenye vibanda vya duara vilivyoezekwa nyasi. Walikuwa na shule zao, hospitali, kanisa na shamba. Waliobaki leo ni wale wa makaburini, makaburi 149, mengi ya Wakatoliki, machache ya Waorthodoksi na Wayahudi.

Sasa mimi nafundisha kilomita chache tu kutoka hapo. Siku moja akaja mwalimu mmoja kutoka Polandi kuliona kaburi la ndugu wa bibi yake, tukazungumza, akaniuliza kama wanafunzi wangu wangependa kuandikiana na wa kwake. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Nilijiona nimefika. Usiku ule nilishaona kwenye mawazo yangu vyeti, safari ya Warsaw, na mkuu wa shule akinitaja mbele ya wadhibiti ubora. Nisikudanganye, wewe pia ulishaota hivyo ulipopata barua yao, na si dhambi.

Nikachagua wanafunzi kumi na wanne wa kidato cha tatu. Nikawaambia waandike insha kuhusu kambi ya Wapolandi. Baada ya wiki moja insha zikaja, kumi na nne, na zote zilikuwa insha moja. Kambi ilianza 1942, kambi ilikuwa na watu 5,000, makaburi ni 149. Mmoja alikuwa amenakili mpaka maneno ya tangazo la watalii. Mimi nikasahihisha Kiingereza chao, nikaskani, nikatuma, nikashukuru Mungu.

Jibu la Wapolandi lilikuwa la adabu sana, na adabu ile ndiyo iliyonikata. Walishukuru, wakasema hayo wanayafahamu. Halafu binti mmoja akauliza: watu wa kijijini kwenu walituonaje? Mlituuzia chakula? Mlitucheka? Bibi zenu walijua kwa nini tumekuja?

Nikasimama darasani na ile barua mkononi. Wanafunzi wakanitazama, nami nikawatazama. Mwalimu wa historia wa miaka kumi na moja, sikuwa na jibu hata moja. Nilizijua tarehe za Wapolandi kuliko Wapolandi wenyewe, lakini sikumjua mtu hata mmoja wa Nkoaranga aliyewahi kuwaona.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: nenda kwa wazee kwanza. Kabla ya intaneti, kabla ya makaburi, kabla ya barua yoyote, nenda kwa wazee.

Sisi tulikwenda kwa kuchelewa. Wanafunzi waliuliza majumbani kwao, na binti mmoja akasema nyanya mzaa mama yake aliwahi kuuza ndizi kambini akiwa mtoto. Tukaenda Jumamosi, siku ya soko, barabara imejaa. Mara ya kwanza bibi alituambia hakumbuki kitu. Mara ya pili aliongea dakika arobaini na moja, najua kwa sababu simu ya yule binti ilirekodi zote mpaka chaji ikaisha.

Alisema wao walizoea mzungu ni mtu wa kupanda farasi na kuamuru. Hawa walikuja wamekonda, watoto wengine bila viatu, mama zao wakichota maji wenyewe, wakifua wenyewe, wakilima kwa jembe. "Tulisimama tunawaangalia. Mama akaniambia, wale nao wanatawaliwa." Mdogo wangu, mimi nimesoma digrii ya ualimu, na sentensi ile sijawahi kuikuta kwenye kitabu.

Halafu akahesabu. Alijifunza kuhesabu Kipolandi ili asipunjwe bei ya ndizi. Jeden, dwa, tshi, shteri. Akafika sita akakwama, akacheka akajifunika uso kwa khanga.

Tuliwachezea Wapolandi sauti hiyo siku ya mkutano wa kwanza wa video. Nao mkutano wenyewe tuliukosa mara moja: kiongozi wa klabu aliwaandikia tukutane saa 8, yaani saa nane mchana kama mtu yeyote mwenye akili timamu, wao wakakaa mbele ya kamera saa mbili asubuhi yao wakitusubiri, sisi tuko kwenye hisabati. Andika saa kwa tarakimu 24, taja na saa ya kwao, na ujue kuwa majira yakibadilika Machi na Oktoba wenzetu wanasogeza mishale ya saa. Basi, mara ya pili tulikutana, umeme ukakatika, ukarudi, tukaweka ile sauti ya bibi. Alipofika shteri darasa zima la kule lilikuwa limesimama. Walimmalizia kwa sauti moja mpaka kumi. Wanafunzi wangu, wale wale wanaoogopa kuulizwa jina lao kwa Kiingereza, wakaanza kurudia kwa kelele. Mwalimu wa darasa la jirani akaja kuuliza kuna nini.

Baada ya hapo maswali yakaanza kwenda pande zote mbili. Mvulana wangu mmoja akauliza: vita viliisha 1945, mbona wengine walikaa Tengeru mpaka miaka ya hamsini, kwa nini hawakurudi kwao? Kule kukawa kimya. Mwalimu wao ndiye aliyeeleza kwamba mipaka ilihamishwa, vijiji walikotoka vikabaki upande wa Wasovieti, leo viko Ukraine, Belarusi na Lithuania. Wengi hawakuwa na kwao pa kurudi, wakaenda Uingereza, Kanada, Australia. Mwaka 1949 yatima zaidi ya 100 wa Tengeru walipelekwa Kanada, serikali ya kikomunisti ya Polandi ikalalamika kuwa wameibwa. Baadhi ya wale watoto wa Kipolandi walikuwa wanayasikia hayo siku hiyo hiyo na sisi.

Na hapa ndipo niliposhindwa kukaa kimya. Mwaka 1951, kambi inaelekea kufungwa, serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 Ngarenanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa, mifugo ikapotea, watu wakaelekezwa Kingori. Wameru wakachangishana, na 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi Umoja wa Mataifa kuisemea ardhi ile, Mtanganyika wa kwanza kusimama pale. Hiyo ni historia ya mlima huu huu. Tulipoichora kwenye ubao pamoja na ya kambi, mstari mmoja wa miaka, binti mmoja akanyoosha kidole: "Madam, kwa hiyo hawa waliofukuzwa kwao wanaondoka, na sisi ndo tunafukuzwa kwetu?"

Niliacha somo la siku ile liende linakotaka. Wanafunzi walihoji wazee watatu wenye habari za Ngarenanyuki, wakaandika kwa Kiswahili kwanza, kisha tukatafsiri pamoja. (Kwa Kiswahili kwanza, tafadhali. Mtoto akianza kwa Kiingereza anaandika anachoweza kuandika, hawezi kuandika anachojua.) Tukatuma kurasa ishirini na mbili, sura mbili: kambi, na ardhi. Ile ya ardhi ndiyo iliyokuwa na kazi zaidi. Kuna kijana aligundua babu wa baba yake alikuwa miongoni mwa waliohamishwa. Nyumbani hawakuwahi kumwambia.

Sasa sehemu niliyokuwa naruka.

Mwisho wa mwaka wenzetu walifanya maonyesho shuleni kwao, wakatutumia picha. Ukuta mzima, mzuri kweli kweli. Majina ya wanafunzi wao wote, kila mmoja na picha yake na alichoandika. Ramani ya safari ya Siberia, Irani, Mombasa, Tengeru. Sauti ya bibi ilikuwepo, imeandikwa "mkazi wa eneo". Na katikati, picha kubwa ya wanafunzi wangu kumi na wanne wakiwa na mifagio makaburini. Chini yake: vijana wa Kiafrika wanayatunza makaburi yetu. Hakuna jina hata moja. Sura ya ardhi haikuwepo kabisa.

Binti aliyerekodi aliiangalia ile picha akauliza, "Madam, na Ngarenanyuki?" Nikamwambia labda iko ukuta wa pili. Nilijua hakuna ukuta wa pili.

Nilikasirika wiki mbili. Niliandika barua pepe tatu nikazifuta. Usiku mmoja nikaitazama tena picha ile, nikakumbuka nani aliyeipiga. Mimi. Mimi ndiye niliyewaambia wachukue mifagio, wasimame mbele ya makaburi, watabasamu, nikaituma kwa barua ya kwanza kabisa pamoja na zile insha kumi na nne za kunakili. Nilitaka wageni wetu waone tunavyowajali wafu wao. Niliwatambulisha watoto wangu kama wafagiaji, kisha nikashangaa walipopokelewa kama wafagiaji.

Walimu wenzangu, hii tabia ni yetu. Mgeni akija tunatandika kitambaa cha mezani ambacho sisi wenyewe hatukitumii. Tunamweleza historia yake kwa sauti nzuri, yetu tunaiweka chini ya kitanda pamoja na vyombo vilivyopasuka. Mtoto anamaliza kidato cha nne anajua Vita Kuu ya Pili ilianza lini Ulaya, hajui kijiji chake kilifanywa nini miaka sita baada ya vita hiyo kwisha. Kisha tunalalamika wageni hawatuulizi mambo yetu. Watuulize nini, ikiwa hatujawaambia yapo?

Hata hivyo wenzetu nao wana lao, siwasafishi. Kurasa ishirini na mbili walizipokea. Wanajua kusoma.

Niliandika barua ya nne, hii nikaituma. Niliomba mambo mawili: majina ya wanafunzi, na sura ya ardhi. Wakajibu kwa upole kwamba wameelewa na watarekebisha awamu ijayo.

Mwaka wa pili nilianza na mwalimu yule yule, lakini tulikubaliana mapema kwa maandishi: kila picha ina majina au haitumwi, kila upande unachagua chini ya picha zake kuandikwe nini, na kila mwezi wa habari zao una mwezi wa habari zetu. Imekwenda vizuri zaidi. Wanafunzi wao walituandikia maswali kumi na tisa kuhusu Kirilo Japhet, mojawapo lilikuwa alivaa nini New York mwezi wa baridi. Tunatafuta bado.

Picha ya mifagio bado iko ukutani kwao. Nimewatumia majina mara tatu.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Njombe, nenda kwa wazee. Uliza walioishi karibu na Kidugala, uliza waliouza maziwa, uliza na ambao hawakuuza chochote na kwa nini. Andika majina yao sawasawa, waulize kama wanataka yatajwe, rekodi ukiwa na chaji kamili. Na usiende kama nilivyokwenda mimi ile Jumamosi ya kwanza, nikiwa na daftari, kalamu mbili na wanafunzi watano waliovaa sare, mikono mitupu, bibi akatutazama akasema hakumbuki kitu. Tulipokuwa tunatoka, mjukuu wake alinivuta kanga pembeni, akanong'ona: "Madam, hamkuleta hata sukari."