Insha moja kwa maombi kadhaa ya REU

Mdogo wangu, umeuliza kama ni kosa kutuma insha ileile kwa programu saba za REU, yaani mafunzo ya utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, huko Marekani. Si kosa. Insha ni yako, na kila kituo kinachofadhiliwa na NSF (shirika la serikali ya Marekani linalofadhili sayansi) huchagua wanafunzi wake chenyewe, kwa kawaida kama 10 hivi. Sehemu inayoeleza masomo yako na kilichokuvuta kwenye sayansi iache kama ilivyo.

Kazi iko kwenye aya ya kwa nini unataka kwenda pale. Hiyo iandike upya kila mara, tafadhali sana. Soma miradi ya maprofesa wa kituo husika, chagua wawili, kisha eleza ni swali gani la utafiti wao linalokuvutia na una ujuzi gani wa kuanzia, hata kama ni Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta) ya darasani tu. Msomaji mwenye rundo la maombi mezani huitambua upesi aya inayoweza kutumwa popote.

Angalia pia swali lenyewe la insha: kituo hiki kinataka malengo yako, kile kinataka changamoto uliyoivuka. Na kabla ya kutuma, tafuta ndani ya faili majina ya vyuo vingine uyafute.