Usaha wa sikioni hausubiri mtoto akue

"Atakua tu, litakauka lenyewe." Neno hilo nimelisikia mno hapa Ujiji, kwa mama wenzangu na hata kwa mabibi ninaowaheshimu, kila sikio la mtoto linapochuruzika usaha. Naomba tuliache. Nimemuuguza mwanangu wa pili kwa ugonjwa huu, na kilichonitia hofu hakikuwa harufu. Alikuwa akicheza uani, namwita, hageuki. Watu wakasema ana kiburi. Mtoto hakuwa anasikia vizuri.

Mara nyingi huanza na mafua. Mrija unaotoka nyuma ya pua kwenda sikioni ni mfupi kwa mtoto, tena umelala, kwa hiyo ugonjwa hupita kirahisi. Mtoto mchanga hawezi kusema sikio linauma: anavuta sikio, anachemka, anakataa kunyonya, analia zaidi akilazwa. Kisha usaha unatoka na kilio kinapungua. Hapo ndipo wengi hupumua, na kumbe ngoma ya sikio imetoboka. Akitibiwa mapema, tundu hilo kwa kawaida huziba. Usaha ukifika wiki mbili, ugonjwa umeshakuwa sugu. Na ukiona uvimbe unaouma nyuma ya sikio, usingoje kuche: mpeleke hospitali usiku huohuo. Kwa sisi wa mjini ni Maweni.

Muuguzi wa zahanati alinionyesha jinsi ya kulikausha sikio. Unasokota kitambaa safi na laini cha pamba, unakiingiza taratibu, kikilowa unakitoa na kuweka kingine, mpaka kitoke kikavu. Mara tatu kwa siku, wala usikiache humo ndani. Dawa ya matone ni ile uliyoandikiwa kwa ajili ya mtoto huyo, maana baadhi ya matone yanaweza kuliharibu sikio lenye tundu. Mafuta, maziwa ya mama, maji ya majani, vyote hivyo viache. Kupiga mbizi ziwani kule Kibirizi nako kusubiri mpaka sikio lipone. Najua watoto wetu watanuna.

Mdudu akiingia sikioni, usichokoe kwa njiti ya kiberiti wala pini. Mwaka 1858 mzungu Speke, mvumbuzi Mwingereza aliyefika hapa Ujiji pamoja na mwenzake Burton, aliingiwa na mbawakawa sikioni akiwa safarini kwenye Ziwa Tanganyika. Alichokoa kwa kisu kidogo. Sikio likaoza, akapoteza usikivu, na vipande vya mdudu viliendelea kutoka miezi kadhaa baadaye. Kama sikio halina usaha wala tundu, matone machache ya mafuta ya kula yaliyo vuguvugu humuua mdudu. Kumtoa ni kazi ya mhudumu wa afya.

Puani nitasema moja. Mtoto akitokwa na kamasi lenye harufu mbaya upande mmoja tu, huenda ameingiza kitu: harage, shanga, punje ya mahindi. Ikiwa ni betri ndogo ya saa, hiyo ni dharura, inachoma nyama kwa saa chache.

Kooni ndiko tunakoumizana zaidi. Mtoto akikohoa muda mrefu anapelekwa kukatwa kimeo, na wembe ule huleta damu isiyokatika na pepopunda. Kikohozi kina sababu yake, kipimwe. Koo likiuma pamoja na homa, na mafindofindo yamevimba yana madoa meupe, dawa imalizwe yote hata kama maumivu yameisha siku ya pili, kwa sababu bakteria wa koo wasipotibiwa ipasavyo wanaweza kuleta ugonjwa wa moyo baadaye. Mwiba wa samaki kama mgebuka ukikwama kooni, usimeze tonge kubwa la ugali kuusukuma, unauzamisha. Na mtu mzima aliyekaukiwa sauti zaidi ya wiki tatu, hasa mvuta sigara, aende akaangaliwe koo, hata kama haumwi popote.