Re: Bibi jirani hajui Kiingereza, asaidiwe vipi?
Mkuu, kuhusu huyo bibi Mmexico jirani yako hapo Houston, kwamba akienda hospitali mjukuu wa miaka 12 ndo anamtafsiria, aisee hiyo haifai kabisa. Hospitali inayopokea hela za Medicare au Medicaid (bima za afya za serikali ya Marekani) inatakiwa impe mkalimani bure, sheria ya haki za kiraia ipo tangu 1964, na mtoto habebeshwi hiyo kazi labda iwe dharura. Hebu fikiria katoto ndo kamwambie bibi yake ana kansa, inauma sana. Wakifika mapokezi waseme tu anataka mkalimani wa Kihispania na iandikwe kwenye faili lake.

Mengine wapige 211, namba ya simu ya kuulizia huduma za kijamii, waulizie senta ya wazee ya karibu, kuanzia miaka 60 anapata chakula cha mchana na watu wa kupiga nao stori, na zipo zenye wafanyakazi wa lugha zote mbili wanamsaidia kujaza fomu.

Halafu grinkadi (kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja) anayo muda gani? Kama ana miaka 55 kwenda juu na grinkadi kakaa nayo miaka 15, intavyuu ya uraia anafanya kwa Kihispania, wengi hawajui hili wanabaki kuogopa bure.