Kabla hujampima chura wa jangwani, mkojoze kwanza

Wewe unayeanza kazi ya kupima jinsi kiu inavyomlegeza chura, sikia hili ambalo mimi nililijua baada ya kutupa vipimo vya wiki tatu: chura ukimshika, hukojoa. Nilimpima, nikamweka mbele ya feni, nikampima tena, nikaandika kwa furaha kuwa uzito umeshuka. Kumbe sehemu kubwa ya upungufu huo ilikuwa kwenye glavu zangu.

Hawa wetu, Scaphiopus couchii wa jangwa la Sonora (mpakani mwa Marekani na Meksiko), hukaa wamejifukia miezi mingi wakisubiri mvua za majira ya joto, na kibofu ndiyo tangi lao la akiba. Maji yake hurudi mwilini kidogo kidogo. Basi mwenye kibofu kilichojaa anaweza kupungua uzito na bado akaenda vizuri tu, ilhali mwenzake aliyekwishakojoa, akipungua kiasi hichohicho, yuko hoi. Ukiwachanganya hao wawili, grafu yako haitasema kitu.

Mweke kwenye maji ya kina kifupi yasiyo na klorini. Hanywi kwa mdomo. Ngozi ya tumbo na mapaja ndiyo inayofyonza, na utamwona amejitandaza kama chapati. Akishiba, mminye tumbo taratibu akojoe, mkaushe kwa karatasi laini, halafu mizani. Huo ndio uzito wako wa asilimia 100, na hesabu zote zianzie hapo.

Feni nayo ina ujanja wake. Upepo unaomkausha chura humpoza pia, na chura aliyepoa huwa mzito wa kusogea hata kama hana kiu. Mfungie kwenye chombo chenye kifuniko, asiendelee kukauka, mpaka joto la mwili wake lilingane na la chumba. Mimi sikungoja, nikaisingizia kiu makosa ya baridi.

Kwenye kipimo chenyewe, usitosheke na mruko mmoja. Nguvu ya mruko wa kwanza imo tayari ndani ya msuli, haingoji oksijeni, kwa hiyo hata chura mkavu anaweza kukushangaza. Tena hawa si warukaji hodari, ni wachimbaji: tazama kile kipande cheusi chenye umbo la mundu kwenye mguu wa nyuma. Mguse kiunoni kwa brashi, aende, umguse tena, uhesabu mpaka agome. Kiu utaiona kwenye safari hiyo ndefu, maana damu imekuwa nzito, moyo unasukuma kidogo, na msuli haupati oksijeni ya kutosha.

Katikati ya kazi mlaze chali. Akichelewa kujigeuza, kipimo kimeisha, hata kama uzito wake haujashuka hadi asilimia uliyopanga; mrudishe majini.

Na glavu hizo usijifutie jicho. Ute wa ngozi yao unawasha, na mimi nilipiga chafya mpaka jioni.