Kwa mnaoanza kazi kliniki ya macho: mgonjwa akiwauliza kuhusu tiba ya jeni

Mkianza kazi hapa Mbeya, haitachukua muda mgonjwa atawaonyesha video kwenye simu: panya kapoteza uoni, kachomwa sindano ya jeni, anaona tena. Mara nyingi ni mzee wa presha ya macho (glakoma) kutoka Makete au Ileje, kaletwa na mwanawe, na mwana ndiye anayeuliza: "Samahani daktari, hiyo sindano tunaipata wapi?" Msimkatishe tamaa, wala msimpe tumaini la kubahatisha. Mjibuni kwa kujua.

Nyuma ya jicho kuna seli za ganglioni za retina, zipatazo milioni moja kwa kila jicho. Kila moja ina mkia mrefu, na mikia hiyo ikikusanyika ndiyo neva ya macho iendayo ubongoni. Protini ya BDNF, inayoziweka hai seli hizi, sehemu yake husafiri kutoka ubongoni kupitia mikia hiyohiyo. Presha ikiibana neva pale inapotokea nyuma ya jicho, usafiri unakwama na seli huanza kufa. Ndipo watafiti wanapoingia. Wanachukua kirusi kidogo kiitwacho AAV, kisicholeta ugonjwa, wanakipakia jeni na kukidunga ndani ya jicho ili seli ijitengenezee kinga yake yenyewe. Mzigo wenyewe una kikomo: kirusi hicho hubeba herufi za vinasaba zipatazo 4,700 tu.

Kwa hiyo mkisoma habari yoyote, ulizeni kwanza: ni seli zipi? Luxturna, tiba ya jeni iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 na kuanza kuuzwa kwa dola 850,000 kwa macho mawili, hutibu kasoro ya jeni ya RPE65 kwenye tabaka lililo nyuma ya retina. Haina kazi kwa mzee wa presha ya macho. Kisha ulizeni: ni kiumbe gani, na kaumizwaje? Kazi ya Harvard ya mwaka 2020 ya kurudisha uoni kwa jeni, iliyosambaa sana, ilifanywa kwa panya, na sehemu kubwa ya majaribio hayo neva ilibanwa mara moja kwa koleo. Mzee wetu amekuwa akipoteza seli kidogo kidogo kwa miaka.

Kuna jaribio la binadamu ambalo mimi hulirudia kila ninapofundisha. Wagonjwa 37 wa LHON, ugonjwa wa kurithi unaoua seli hizihizi za ganglioni, walidungwa jeni jicho moja, na jicho la pili wakapewa sindano ya kuigiza. Matokeo yalipotoka mwaka 2020, macho yote mawili yalikuwa yamepata nafuu kwa wengi wao. Kwa nyani, vinasaba vya kirusi vilikutwa hadi kwenye jicho ambalo halikudungwa. Zingatieni hilo: jicho la pili si lazima liwe kipimo safi cha kulinganishia.

Sasa jibu la mgonjwa. Mwambieni kwamba utafiti upo na ni wa kweli, ila tiba hii inalenga kulinda seli zilizo hai, na seli anazopoteza leo hazirudi. Basi zilizobaki zilindwe kwa kilichopo, yaani matone na leza za kushusha presha. Yule mwana aliyeuliza mpimeni siku hiyohiyo, kwa sababu ndugu wa damu wako hatarini zaidi. Anayekuja kutafuta miwani naye mwangalieni kichwa cha neva, pale neva inapotoka kwenye jicho, maana ugonjwa huu hauumi.

Leza pia msiisahau. Utafiti wa hospitali ya KCMC Moshi uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja leza ya kushusha presha iitwayo SLT ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho, na matone ya timolol kwa asilimia 31.

Kabla ya kuandika timolol, ulizeni kuhusu pumu kila mara. Tone la jicho linaweza kumbana mtu kifua. Mfundisheni kubonyeza kona ya jicho upande wa pua kwa dakika mbili baada ya kudondosha. Na kuanzia Novemba, mvua zikishaanza, anayetoka mbali mpeni chupa za matone za kumfikisha hadi barabara zipitike.