Saidia Kwanza, Tania Baadaye: Adabu za Watu wa Boti katika Mifereji ya Uingereza

Dada mmoja msomaji wangu ameniandikia kwamba yeye na mumewe wamelipia boti ya kukodi kwa mapumziko ya juma moja katika mifereji ya Uingereza, na kwamba kinachomtia hofu si maji wala injini bali vicheko. Amesikia kuwa watu wa mifereji humtania kila apitaye, hasa aliyekodi boti, naye hajui ni wakati gani acheke pamoja nao, wakati gani anyamaze na wakati gani aseme imetosha. Nilimjibu kwa maneno machache, lakini swali lake limenikaa moyoni, kwa sababu nilipoanza mimi sikuwa na mtu wa kumwuliza. Naamini wengi mnaosoma hapa mna hamu ileile ya kushika kana, yaani mpini wa usukani, siku moja na kuiongoza boti yenu wenyewe katikati ya mashamba, kwa hiyo leo nitalijibu kwa urefu.

Mgeni hana budi kuelewa kwanza kwamba adabu yote ya mfereji imejengwa juu ya mwendo. Kikomo katika mifereji mingi ya Uingereza ni maili 4 kwa saa, yaani kilomita 6 na kitu, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea kwa kukazana, na penye boti zilizofungwa ukingoni hata mwendo huo ni mkubwa mno. Sababu yake si ubabe wa wenyeji. Boti nyembamba yenye urefu wa mita 20 huweza kuwa na uzito wa tani 15 hadi 20, nayo hupita katika mfereji ambao mara nyingi kina chake hakizidi sana mita moja. Ikikimbia, husukuma maji mbele yake na kuyanyonya yaliyo pembeni, kiasi kwamba boti iliyofungwa huvutwa kuifuata, kisha hurudishwa nyuma kwa kishindo, kamba zikakazana, vigingi vikang'oka ardhini, na mama aliyekuwa akipika ndani akajikuta ameshika sufuria ya maji ya moto huku sakafu ikimkimbia. Punguza mwendo kabla hujaifikia boti ya kwanza katika safu, wala usingoje mpaka uwe ubavuni mwake, kwa maana boti haina breki.

Usipopunguza utaambiwa, na hapo ndipo utani unapoingia. Mzee atachomoza kichwa dirishani na kukuuliza kwa sauti ya upole kama una harusi ya kuwahi. Mwenzake, boti mbili mbele, atakuuliza kama maji yanakwisha huko ulikotoka. Ukisikia hivyo usitoe hoja wala usianze kueleza kwamba injini ilikuwa inazunguka polepole. Punguza mwendo, inua mkono, omba radhi, na jambo hilo litakuwa limekwisha. Nimewaona watu wazima wakibishana kutoka boti hadi boti juu ya mwendo, na sijamwona hata mmoja aliyeshinda.

Nimelitafakari sana jambo hili, na hukumu yangu ni kwamba utani wa mferejini ndio sheria yenyewe inapovaa nguo za nyumbani. Canal & River Trust, asasi ya hisani iliyochukua usimamizi mwaka 2012, hutunza mifereji na mito yenye urefu wa takriban kilomita 3,200 katika England na Wales, na haiwezekani kuweka mlinzi kila kona. Wenye boti ndio hukanyana. Tena hukanyana wakijua kwamba kwa mwendo wa maili 4 hakuna anayeweza kumkimbia mwenzake: mtu uliyemgombeza asubuhi utamkuta akisubiri kwenye loki ifuatayo (nitaieleza punde), jioni utamkuta kwenye bomba la maji, na usiku huenda mkafunga boti omo kwa tezi, yaani mbele ya moja ikigusana na nyuma ya nyingine, mkisikilizana mkikohoa. Ugomvi katika barabara kuu huachwa nyuma kwa dakika moja, lakini ugomvi wa mferejini husafiri pamoja nawe siku nzima, na ndiyo maana wenye busara huufunga ndani ya mzaha.

Loki ndipo mahali ambapo utapimwa kuliko popote pengine. Kwa ambaye hajawahi kuiona, loki ni chumba cha mawe au matofali chenye malango makubwa kila upande, ambacho hujazwa maji ili kuipandisha boti au huondolewa maji ili kuishusha. Kila mara kinapotumika, loki nyembamba humwaga chini zaidi ya lita laki moja, na loki pana zaidi ya laki mbili, na maji hayo hayarudi juu yenyewe. Kutokana na hilo imezaliwa kanuni kwamba loki ni ya yule ambaye maji yako katika usawa wake. Ukifika ukiwa unapanda, na loki imejaa, na boti nyingine inaonekana ikija kutoka juu, loki hiyo ni yake, nawe hupaswi kuimwaga ili upite kwanza. Mtu anayefanya hivyo huitwa mwizi wa loki, na jina hilo hutangulia mbele yake hadi vijiji viwili. Kwa upande mwingine, ukimfungulia lango mtu asiyekujua, ukamsubiri atoke, ukampungia mkono, utashangaa jinsi habari njema nazo zinavyosafiri. Mambo mengine ni mepesi: pita upande wa kulia mnapokutana, piga honi kabla ya daraja lenye kona, usiwashe injini kati ya saa mbili usiku na saa mbili asubuhi ukiwa umefunga karibu na wengine, na usiikanyage boti ya mtu kabla ya kubisha.

Nilijifunza haya yote vizuri zaidi pale Caen Hill, karibu na mji wa Devizes, ambapo mfereji wa Kennet and Avon hupanda kwa loki 29, na 16 kati ya hizo zimepangwa mstari mmoja mlimani kama ngazi. Loki za pale ni pana, hivyo boti mbili nyembamba huweza kuingia pamoja na kuokoa nusu ya maji, na adabu ni kumsubiri mwenzako hata kama una haraka. Sisi tuliunganishwa na mzee mmoja na mkewe ambao walikuwa wameishi majini tangu wastaafu. Kabla ya mzee yule kufungua kilango chochote cha maji, yaani kitundu cha kuingizia au kutolea maji ya loki, alinitazama machoni na kungoja nimwonyeshe dole gumba, ingawa alijua kazi ile mara elfu kuliko mimi, na hakutania hata neno moja mpaka loki ya tatu, tulipokwisha kuzoea mkono wa kila mmoja. Baada ya hapo hakunyamaza. Alisema kwamba loki zile zilijengwa na mtu aliyekuwa akiwachukia wakwe zake. Kila tulipomaliza moja alituhakikishia kwa uso mkavu kwamba zimebaki mbili tu, na watoto wangu walicheka mpaka wakasahau uchovu wa mikono. Tulipofika juu alinipa mkono na kusema kwamba nimeiongoza boti vizuri, na sifa ile kutoka kwa mtu wa namna ile ninaitunza hadi leo. Wengi wa wanaonitembelea majini siku hizi husema mimi ni mpole kwenye loki, nami najua upole huo niliuchuma kwa nani.

Hata hivyo, kuna alasiri nyingine ambayo bado inaniuma, nami nitaieleza kwa sababu dada aliyeniandikia anastahili kuijua. Ilikuwa siku ya upepo mkali. Boti nyembamba ina kitako bapa, haizami sana majini na ina mbavu ndefu zilizosimama wima, kwa hiyo upepo wa ubavuni huisukuma huku na huko hata mikononi mwa nahodha hodari. Nilikuwa nikiileta ukingoni taratibu, mke wangu akiwa amesimama omo na kamba mkononi, na nchi kavu palikuwa na kundi la wenye boti wamekaa kwenye viti vyao. Palihitajika mtu mmoja tu ainuke na kuipokea kamba. Badala yake bwana mmoja, ambaye boti yake iling'aa kwa rangi mpya na shaba iliyosuguliwa, aliuliza kwa sauti ya kusikika na wote kama ile boti tumeikodi au tumeiiba. Wenzake wakacheka. Tuliifunga wenyewe, sawasawa, bila kugusa boti ya mtu yeyote, na nilipokuwa nikikaza fundo la mwisho mwanangu aliniuliza kwa nini yule baba anafikiri sisi ni wezi.

Sikumjibu yule bwana siku ile, na siamini kwamba alistahili jibu. Lakini nimepima maneno yake mara nyingi dhidi ya maneno ya mzee wa Caen Hill, na tofauti yake naiona wazi. Mzee alitania jambo tulilokuwa tukilibeba pamoja, nalo ni kilima, uchovu, na loki zisizokwisha, na alitania akiwa ameshika kamba. Bwana yule alitania kuwapo kwetu mahali pale, naye alikuwa amekaa kitini. Ndugu zangu, mzaha unaouliza kama mtu ana haki ya kuwa majini hauna nafasi katika adabu ya mfereji, hata ukisemwa kwa tabasamu, hata ukisemwa na mwenye boti nzuri kuliko zote. Kwa dada yangu nasema hivi: ukiambiwa neno la namna hiyo, huna deni la kucheka. Mtazame aliyelisema, msalimu, endelea na kamba yako. Na sisi ambao sasa tumezoea, tuinuke vitini. Tumpokee kamba mgeni kwanza, tumfungie, tumwulize ametoka wapi leo, na kama bado tuna mzaha, tuutoe hapo.

Kuna saa moja ambapo hata mzaha mzuri ni kosa, nayo ni wakati boti inashuka ndani ya loki. Chini ya lango la juu, ndani ya maji ya loki, kuna kizingiti cha mawe kinachojitokeza, na mwisho wake umechorwa alama nyeupe ukutani. Tezi ya boti ikiwa nyuma ya alama hiyo maji yanaposhuka, huweza kukalia kizingiti huku omo ikiendelea kuteremka, na boti ikazama katika dakika chache. Nahodha lazima aangalie nyuma na mbele kwa wakati mmoja, na aliye kwenye vilango vya maji lazima amwangalie nahodha. Msimwite, msimchekeshe, msimpige picha akigeuka. Akipiga kelele, fungeni vilango vya chini mara moja. Maswali yatafuata baadaye.

Nataka pia niwakumbushe wanaowadharau wanaokodi boti kwamba mifereji hii haikuokolewa na wenye shaba zinazong'aa peke yao. Ilijengwa kwa ajili ya mizigo. Ule wa Bridgewater ulianza kupeleka makaa ya mawe Manchester katika miaka ya 1760, kazi aliyoisimamia mhandisi James Brindley. Reli na malori vilipoichukua mizigo, mingi iliachwa ikajaa matope. Chama cha Inland Waterways Association, kilichoanzishwa mwaka 1946, kilipigania ibaki, na watu wa kujitolea waliingia topeni kwa majembe siku za mapumziko. Kennet and Avon wenyewe haukufunguliwa tena kwa urefu wake wote mpaka mwaka 1990. Hoja iliyotolewa kwa miaka yote hiyo ilikuwa kwamba watu wa kawaida wangependa kusafiri humo kwa starehe. Familia inayokodi boti kwa juma moja, ikihangaika na upepo, ndiyo hoja hiyo ikiwa hai, na anayeicheka anasahau kwamba palikuwa na watu waliochimba ili ipite.

Sitaki mdhani kwamba siku nzima ni mahubiri. Vicheko vya heri ni vingi, na mgeni anakaribishwa kuvianza mwenyewe. Majina ya boti mengi ni michezo ya maneno, na wenye boti huitana kwa majina hayo kuliko kwa yao, kwa hiyo kuuliza jina lilikotoka ni njia nzuri ya kufungua mazungumzo. Utani juu ya hali ya hewa haujawahi kumkosea mtu. Na choo, naam, choo ndicho mada kuu: waweke watu wawili wa boti pamoja na haitachukua muda kabla hawajaanza kulinganisha choo cha kisanduku cha kubeba na choo cha tangi la kunyonywa kwa bomba, kila mmoja akitetea chake kwa moyo wote. Mada hiyo inapendwa kwa sababu haina tajiri wala maskini, na mwenye boti inayong'aa hubeba kisanduku chake mbele za watu sawa na mwenye boti iliyochakaa.

Mwishowe utakutana na watazamaji, kwa maana kila loki iliyo karibu na njia ya watembeaji huwa na watu waliosimama kuangalia. Watakuuliza kama ndani huwa kuna baridi wakati wa baridi. Utaulizwa swali hilo mara nyingi, lakini anayekuuliza anauliza kwa mara ya kwanza, kwa hiyo mjibu kwa uchangamfu na umwonyeshe bomba la moshi la jiko. Mtoto akitamani kusukuma boriti ya lango, mwombe mzazi wake ruhusa, msimamishe mbali na ukingo wa maji, na mwambie asukume kwa mgongo bila kukimbia. Ule wenzo wa chuma wa kuzungushia vilango usimpe hata akilia, kwa sababu ukimponyoka ukiwa bado umechomekwa huzunguka kwa nguvu ya kuvunja mkono.